Sinki la Mabakuli Mawili

Mwenye duka alilisifia sinki la bakuli moja utadhani yeye ndiye angeoshea vyombo humo. Aliligonga kwa kifundo cha kidole nisikie mlio wa chuma kizito, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akanionyesha na ubapa wa pembeni wa kuanikia sahani.

"Mwalimu, mwanangu, hili ndilo wanalochukua watu wote hapa Kasulu," alisema. Alikuwa mzee mpole, asili yake pwani, duka kalirithi kwa baba yake. "Sufuria ya shughuli inaingia nzima. Hayo ya mabakuli mawili ni pambo tu. Kila bakuli dogo, utaosha nini humo?"

"Nataka la mabakuli mawili."

"Kwa nini mawili?"

Hilo hakuuliza mwenye duka. Aliuliza mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisoma maandishi ya kopo la rangi kama anayesahihisha mtihani.

"Moja la kuoshea, moja la kusuuzia," nilijibu, tena haraka mno.

Aliniangalia kidogo. Jiko letu ni dogo na yeye ndiye aliyelipima. Sinki la mabakuli mawili lingemeza nafasi yote chini ya dirisha, na meza aliyokwisha kuiagiza kwa seremala ingebidi ikatwe. Nilijua anayajua hayo. Nilijua pia kwamba akiniuliza mara ya pili nitafoka, maana mimi nikibanwa hufoka kwanza, kufikiri baadaye. Hakuniuliza. Alisema tu, "Haya, Mwalimu," akarudi kwenye kopo lake. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, watu wamevaa makoti, lakini mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho.

Sababu ya kweli ilikuwa mama yangu.

Mama anatoka Busunzu, upande wa Kibondo, na huko ndiko alikopatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Kaka yangu yuko Dar es Salaam katika chumba kimoja na watoto watatu, kwa hiyo mtu wa kumchukua nilikuwa mimi, na alipotoka hospitali nilimleta kwangu Kasulu. Alikaa siku nane. Siku nane hizo mama yangu hakula chakula cha maana ndani ya nyumba yetu.

Kwetu mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, hamtazami usoni, na maji yaliyopita kwenye mikono ya mkwe hayagusi mikono yake. Wengi siku hizi wameyaacha mambo hayo, wanapiga picha pamoja na kucheka. Mama hakuyaacha. Wakati ule tulikuwa na beseni moja la kunawia, na kila nilipompelekea chumbani na jagi la maji, alitazama ndani ya beseni kana kwamba naweza kuwa nimemfichia nyoka. Nililisugua kwa majivu. Nililisugua kwa sabuni ya unga. Aliniambia hana njaa. Mume wangu alimchinjia jogoo, jogoo mkubwa wa kuwika, na nyama ikarudi jikoni haijaguswa. Nilimwona mume wangu akilitazama lile bakuli la nyama. Akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Siku ya tisa mama alipanda gari akarudi Busunzu. Haikupita miezi miwili, jirani yake akanipigia simu. Alikuwa amemkuta mama amelala chini jikoni, kando ya mafiga, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, hawezi kuinuka na hawezi kupiga kelele za kusikika. Kama moto ungekuwa umekolea, ningepigiwa simu nyingine.

Nilimwambia mama arudi kwangu. Alinijibu, "Mwana wanje, mwanangu, kwako kuna mukwe. Nitanawa wapi?"

Ndiyo maana nilitaka mabakuli mawili. La kulia la mama, la kushoto letu sisi. Beseni la peke yake lisingesaidia, kwa sababu mimi nashinda shuleni, watoto wako bweni, na mtu mwenye mkono mmoja hawezi kujimiminia maji huku akinawa. Mkono mmoja haujioshi. Alihitaji maji yanayotiririka yenyewe, na bakuli ambalo mkwe hagusi.

Kwa nini sikumwambia mume wangu? Nimejiuliza mara nyingi. Ningeanzaje? Mama yangu anaona kinyaa mahali unapotia mikono yako? Si kinyaa, ni heshima, lakini ukiitamka kwa mdomo inageuka tusi. Yeye alifiwa na mama yake mapema, amekulia shule za bweni, na tangu siku ya jogoo nilimhesabu kuwa mtu aliyeumia. Nikaogopa kutonesha kidonda. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi niliuficha huku nikijiona mwerevu.

"Na bomba lake?" aliuliza mwenye duka, akiwa ameshakata tamaa na mimi. Alinipangia mezani mabomba ya kila namna: ya vichwa vya mviringo, ya vichwa vya msalaba, moja lenye shingo ndefu ya kujivunia. Nilijaribu kila moja kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia nimeuficha mgongoni. Ya mviringo yalihitaji kukamatwa na kuzungushwa. Ukiwa na sabuni mkononi yanateleza, na mkono wa pili wa kusaidia haupo.

"Nataka kama lile la hospitali," nilisema. "La mpini mrefu. Mtu anasukuma kwa kiwiko."

Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye kopo la rangi. Nikaangalia pembeni.

Bomba la namna hiyo halikuwepo. Mzee alisema litatoka Kigoma, inshallah, baada ya wiki moja. Wiki ile nilimpigia jirani wa mama asubuhi na jioni kila siku, mpaka akaanza kupokea simu kwa kusema, "Yupo, mzima," kabla sijasalimia.

Fundi alikuwa Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mtu wa makamo aliyefunga masinki na mabafu huko kwao kabla ya vita. Alikuja na kibali chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kibali kilikuwa na saa ya kurudi, kwa hiyo alifanya kazi bila kuinua kichwa. Nilisimama nyuma yake nikimwelekeza urefu. Mafundi wetu hupima sinki kwa kiuno chao. Nilimwambia apime kwa kiuno cha mtu anayeegemea fimbo, na nikajiinamisha kumwonyesha.

"Mama mwalimu, hii robine iko muzuri sana," alisema alipofunga bomba. "Hata mutoto anaweza kufungula." Kisha akalala chali chini ya sinki, sauti yake ikatokea huko. "Nataweka sifo moja tu, hii bomba ya maji muchafu. Bakuli zote mbili, maji inaenda fasi moja."

"Sawa, sawa," nilijibu. Nilikuwa nautazama mpini. Nilikuwa nauona mkono wa mama ukiusukuma. Mume wangu alikuwa amechuchumaa pale, amemshikia fundi tochi, na alinitazama kama anayengoja niseme jambo. Nikarudisha macho kwenye mpini. Fundi aliwahi kambini kabla ya saa yake, na mimi nikafunga pazia la maua chini ya sinki kuficha mabomba, nikajipongeza.

Mama alifika siku ya Jumamosi. Kabla hajakaa nilimpeleka jikoni. "Hili la kulia ni lako," nilimwambia. "Hakuna mtu mwingine anayetia mkono humu. Sisi tuna la kushoto." Nilikuwa nimetundika taulo mbili, ya njano kwake na ya buluu kwetu, na vipande viwili vya sabuni kila kimoja upande wake. Alivitazama vyote kama mkaguzi. Aliutazama ukingo wa chuma unaotenganisha mabakuli, akaupitishia kidole kuona kama una tundu. Halafu akausukuma mpini kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Maji yakatoka. Akausukuma tena, yakakatika.

"Ego," alisema. Ndiyo.

Jioni ile alikula chumbani kwake. Alimaliza ugali, akamaliza maharage, akaomba mchuzi. Nililia bafuni, nikimwaga maji ya ndoo ili asinisikie.

Mtu angedhani baada ya hapo nilipumzika. Hapana. Niligeuka askari. Nikiwa shuleni nawaza nani yuko jikoni. Nikirudi nakagua taulo ya njano kama imesogezwa. Na kila siku nilizidi kuona jambo ambalo lilinitia hofu: taulo ya buluu ilikuwa kavu. Mimi hujifutia kanga, kwa hiyo taulo ile ilikuwa ya mume wangu, naye hakuigusa. Sabuni ya upande wetu ilipungua kwa mikono yangu tu. Alikuja kula akiwa na mikono safi na sikujua ameinawia wapi. Nikahitimisha kwamba amenuna. Kwamba ameelewa, ameumia, na anasusia sinki kama mama alivyosusia jogoo. Nilikuwa kati ya watu wawili wanaosusiana, na wote nawapenda, na wote wananichosha. Usiku nilijiandaa kumuuliza. Asubuhi nikampa chai nikanyamaza.

Ilikuwa Jumapili ya wiki ya tatu. Tumetoka kanisani, mume wangu yuko nje, nimepika ugali na migebuka. Nilikuwa nimejaza bakuli la kushoto maji ya moto kulowekea sufuria, na maji yale yalikuwa mazito kwa ukoko na mafuta ya samaki. Mama alikuwa upande wake ananawa kwa ajili ya kula. Alikuwa na namna yake: anapaka sabuni kwenye kingo za bakuli na kuusugulia mkono hapo, kiganja, kisha mgongo wa mkono, taratibu. Nikang'oa kizibo cha upande wangu.

Maji yalizama, yakaguna, yakasimama. Kisha yakaanza kupanda katika bakuli la mama. Yalitokea kwenye tundu la chini, ya kijivu, na vipande vya ugali vikielea, yakaufikia mkono wake na kuuzunguka mpaka kwenye kifundo.

Mama hakuutoa mkono. Aliutazama. Halafu aliutoa, akashika fimbo, akainama kwa shida, na kwa ncha ya fimbo akafunua pazia langu la maua.

Chini ya sinki mabomba mawili yalitoka, moja kila bakuli, yakakutana katikati na kuwa moja.

"Yanakutana," alisema mama.

"Mama, huko ni chini. Huko ni maji machafu tu, yanakwenda zake."

"Yamepanda."

"Yamepanda leo! Kumeziba!"

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nanawa na mukwe wanje katika chungu kimoja." Midomo ilimtetemeka. Mama yangu alizika mume na watoto wawili na sikumwona akitetemeka midomo. "Kesho unirudishe Busunzu."

Hapo nikafoka. Nilimfokea mama yangu mgonjwa, na sitajitetea. Nilimwambia arudi basi, akalale kando ya mafiga, safari hii jirani achelewe. Nilimwambia yeye anaheshimu mabomba kuliko uhai wake. Nilimwambia nimekata meza, nimekorofishana na duka zima, nimemdanganya mume wangu kwa ajili ya chuma hiki, na bado hakitoshi. Nikasema mkwe huyo huyo unayemkimbia ndiye amelipia bomba. Nilisema hata hayo. Mama alisimama ameegemea fimbo, mkono wake umelowa maji machafu ya sufuria, hana mkono wa pili wa kuufuta.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mume wangu alisimama nje ya kizingiti, hakuingia, uso wake ameuelekeza ukutani. Mama akageuka upande wa pili papo hapo. Wakawa wamepeana migongo, mimi katikati na kijiko cha ugali mkononi.

"Mwambie mama," alisema mume wangu kwa sauti ndogo, akiuambia ukuta, "kwamba mkono wangu haujaingia kwenye sinki hilo. Tangu lifungwe, haujaingia hata siku moja."

Mama hakuhitaji kuambiwa, alikuwa amesikia.

"Njoo uone," mume wangu aliniambia mimi.

Nilimfuata nyuma ya nyumba, nyuma ya tanki la maji, mahali ambapo siendi kwa sababu ni migomba tu na matope. Palikuwa na tofali, juu yake kipande cha sabuni kilichobaki chembamba kama jani. Palikuwa na kopo, beseni kuukuu lenye ufa, mswaki wake ndani ya kikombe, na msumari kwenye mgomba uliotundikwa kipande cha taulo. Udongo wa hapo ulikuwa umelainika na kung'aa kwa maji ya wiki tatu.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Jogoo yule aliniuma moyoni," alisema. "Nikamuuliza shangazi yangu Kitanga. Alinicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza. Kitanga nako kuna mama wakwe, Mwalimu." Akakwaruza matope kwa kiatu. "Dukani ulipotaka mabakuli mawili nikafurahi. Kisha nikashika tochi, nikaona fundi anavyoyaunganisha. Nikangoja useme. Hukusema. Nikaona hutaki nijue."

"Ungeniambia yanakutana!"

"Kibali cha fundi kilikuwa kinaisha. Na ningekuambiaje bila kukuambia kwamba najua?"

Tulitazamana, watu wawili wenye vyeti, miaka kumi na minne ya ndoa. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na kijiko.

Nyuma yetu fimbo iligonga jiwe. Mama alikuwa ametoka jikoni peke yake, ameshuka ngazi mbili zile ambazo mimi humwambia kila siku asizishuke. Mume wangu alishtuka akarudi nyuma kumpisha, mpaka migombani, kichwa chini. Mama hakumtazama. Alitazama tofali. Alitazama sabuni, mswaki, lile beseni lenye ufa. Alitazama matope kwa muda mrefu kuliko vyote, na nadhani alikuwa anayahesabu yale maji, asubuhi na jioni, kwa baridi ya huku kwetu.

"Ananawa hapa," aliniambia. Halikuwa swali.

"Ndiyo, mama."

"Na mvua?"

"Na mvua."

Alinipa fimbo yake niishike. Nikaichukua bila kuelewa. Akainama, amejiegemeza kwenye tanki, akaliokota kopo kwa mkono wa kushoto, akalikinga kwenye bomba la tanki mpaka likajaa. Kisha akalinyoosha mbele, kuelekea migombani, uso wake ameugeuzia njia ya Kibondo.

Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Sijawahi kuona mama mkwe akimnawisha mkwe, na mama mwenyewe hakuwa ameona. Mume wangu alinitazama, macho yamemtoka. Nilimwonyesha kwa kidevu: nenda. Alikuja, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kanisani, akakinga mikono yote miwili chini ya kopo.

"Mwambie anisamehe mkono wa kushoto," mama aliniambia. "Wa kulia haupo."

Nilimwambia, ingawa alikuwa amepiga magoti mbele yake. Kopo lilikuwa zito kwa mkono mmoja, na nusu ya maji ilimwagikia kwenye mikono ya shati. Mume wangu alinawa, akakunja vidole, akataka kuinuka.

Mama alisikiliza maji yanavyoanguka, uso bado umegeukia barabarani.

"Mwambie bado," alisema. "Hajafika kwenye viganja."

Nikamwambia, naye akaikinga mikono tena.